Softcare: miaka 9 ya kuuza nepi kabla ya kujenga kiwanda

Tarehe 10 Novemba 2025 hisa za Softcare Limited zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Hong Kong kwa bei ya dola za Hong Kong 26.20. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Kamukunji jina hilo halikuwa geni. Liko kwenye pakiti za nepi zinazoning'inia mlangoni mwa maduka, na kwenye maboksi yanayopakiwa bodaboda asubuhi. Kampuni hii ilitokana na kundi la Sunda la Guangzhou, China, na sehemu kubwa mno ya mauzo yake hutoka Afrika.

Waraka wake wa matarajio, yaani maelezo yanayotolewa kwa wawekezaji kabla ya hisa kuuzwa, ulitoa takwimu ambazo kampuni za aina hii huwa hazizianiki hadharani. Mauzo ya mwaka 2022 yalikuwa takriban dola za Marekani milioni 320. Mwaka 2023 yakafika milioni 411, na 2024 milioni 454. Faida halisi ilipanda kutoka milioni 18 hadi 65, kisha 95. Mwaka 2024 Softcare ilishika nafasi ya kwanza barani Afrika kwa idadi ya nepi za watoto zilizouzwa, ikiwa na asilimia 20.3 ya soko. Ukihesabu kwa fedha, ni ya pili, kwa asilimia 17.2. Pengo hilo dogo kati ya idadi na fedha linaonyesha ni kampuni ya namna gani: inauza vipande vingi kuliko yeyote, kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko.

Wengi wakisoma takwimu hizo hueleza kwa neno moja, "bei rahisi". Maelezo hayo hayatoshi. Nepi za bei rahisi zimekuwa zikiingia Mombasa, Dar es Salaam na bandari ya Tema, Ghana, kwa miaka mingi, chini ya majina ambayo leo hakuna anayeyakumbuka. Softcare ilianza kuuza nepi Ghana mwaka 2009 zikiwa zimetengenezwa China, na haikujenga kiwanda hadi 2018, hapohapo Ghana. Sasa ina viwanda katika nchi 8 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Tunaloliona kuwa kiini cha kisa hiki ni mpangilio huo wa hatua: soko kwanza, mashine baadaye, kisha viwanda vingi vya kadiri badala ya kimoja kikubwa.

Biashara ya kusafirisha hewa

Nepi ni nyepesi lakini inachukua nafasi. Kontena la futi 40 lenye kimo kirefu lina ujazo wa ndani wa mita za ujazo 76 hivi, na ukipanga maboksi vizuri unatumia kama 68. Nepi ya saizi M iliyokunjwa na kubanwa ndani ya pakiti inachukua kama lita 0.3. Kontena zima basi linabeba nepi 225,000 hivi. Uzito wake? Tani 6 na kidogo, katika kontena linaloweza kubeba tani 26. Zaidi ya robo tatu ya uwezo wa uzito umelipiwa bure.

Sasa tenganisha nepi hiyo katika malighafi zake. Tuseme ina gramu 28: nyuzi laini za mbao gramu 9, chembe za kufyonza gramu 7, vitambaa visivyofumwa gramu 6, nailoni ya nyuma gramu 2.5, na gundi, lastiki na tepu gramu 3.5. Nyuzi za mbao huja katika marobota ya mviringo yaliyokazwa sana, na kontena linabeba tani 24, sawa na nepi milioni 2.7. Chembe za kufyonza huja katika mifuko, tani 22, nepi milioni 3. Nailoni ni nzito na kontena moja lake linakaa muda mrefu. Kinachosumbua ni kitambaa kisichofumwa: marobota yake nayo yamejaa hewa, tani 7 tu kwa kontena, na hizo zinatosha nepi milioni 1.2 hivi. Jumlisha vyote, pamoja na mifuko ya kufungashia, unapata kama makontena 2 kwa kila nepi milioni moja. Nepi milioni hiyohiyo ikija tayari inahitaji makontena 4 na nusu.

Hesabu hizi ni za mfano, na saizi au unene ukibadilika nazo hubadilika. Lakini angalia zinavyogusa bei. Nauli ya kontena ikiwa dola 3,000, kuleta nepi iliyokamilika kunagharimu senti 1.3 za Marekani kwa kipande, na kuleta malighafi yake senti 0.6. Nauli ikipanda hadi dola 8,000, ni senti 3.6 dhidi ya 1.6. Softcare iliuza zaidi ya nepi bilioni 4 mwaka 2024, na nepi zilileta karibu robo tatu ya mauzo yote. Gawanya na utaona kwamba bei yake kwa muuza jumla ni senti 8 na kidogo. Katika bidhaa ya senti 8, tofauti ya senti 2 ndiyo inayoamua nani abaki sokoni.

Ongeza forodha. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kuna ya 35. Malighafi huwa kwenye ngazi za chini na bidhaa iliyokamilika kwenye za juu. Watengenezaji wa nepi wamekuwa pia wakipata msamaha wa ushuru kwa malighafi maalumu, kwa majina ya viwanda yanayochapishwa kwenye gazeti la Jumuiya. Asilimia 25 juu ya nepi iliyofika bandarini kwa senti 6 ni senti 1.5 nyingine. Anayeingiza nepi kamili anaanza mbio akiwa nyuma kwa zaidi ya senti 2 kila kipande.

Kwa nini basi hawakujenga mwaka 2009? Kwa sababu faida hiyo ipo pale tu laini ya uzalishaji, yaani mfululizo wa mashine unaotengeneza nepi, inapofanya kazi kwa uwezo wake wote.

Laini moja inataka nini

Laini ya kisasa ya kutoka China inayotumia mota za servo hutoa nepi 500 hadi 600 kwa dakika. Chukua 600, saa 20 kwa siku, na ufanisi wa asilimia 85. Hiyo ni nepi 612,000 kwa siku, karibu makontena matatu ya bidhaa iliyokamilika. Kama huna njia ya kuziondoa nepi hizo kila siku, ghala linajaa ndani ya wiki mbili, laini inasimama, na mashine iliyosimama hula faida yote ya ushuru na nauli. Mwenye kuagiza kontena moja kwa mwezi hana biashara ya kujenga kiwanda hata apewe ardhi bure. Miaka ile 9 ya kuagiza na kuuza iliifundisha Softcare saizi zipi zinatoka (M na L hutangulia karibu kila mahali), uzito gani wa nepi mteja anaukubali kwa bei gani, na muuza jumla yupi hulipa.

Kuna pia fedha inayolala. Laini inayotoa nepi 600,000 kwa siku inakula tani 5.4 za nyuzi za mbao, tani 4.2 za chembe za kufyonza na tani 3.6 za vitambaa. Nyuzi za mbao nyingi za nepi hutokana na misonobari ya kusini mwa Marekani, na safari ya meli hadi Mombasa au Dar es Salaam ni ndefu. Vitambaa na chembe vinavyotoka China huchukua mwezi au zaidi ukihesabu na kukaa bandarini. Kiwanda makini hutembea na akiba ya siku 90 kati ya kilichoko njiani na kilichoko ghalani. Siku 90 ni tani 486 za nyuzi, tani 378 za chembe, tani 324 za vitambaa. Kwa bei za karibu dola 1 kwa kilo ya nyuzi, dola 1.3 kwa kilo ya chembe na dola 1.8 kwa kilo ya vitambaa, hizo ni kama dola milioni 1.6 zimelala, kwa laini moja, kabla hujamkopesha muuza jumla hata pakiti. Viwanda vingi vidogo vya nepi hufia hapa. Mashine imelipiwa, jengo lipo, lakini nyuzi zimeisha na zinazokuja ziko baharini.

Ndani ya kiwanda: kinachoharibika na sababu yake

Nepi ina tabaka chache. Juu ni kitambaa laini cha polipropilini kinachogusa ngozi. Chini yake ni tabaka jembamba la kusambaza, ambalo hupokea mkojo kwa haraka na kuutandaza. Kisha kiini: nyuzi za mbao zilizosagwa na kuchanganywa na chembe za sodiumu poliakrileti. Nyuma ni nailoni, mara nyingi ikiwa imebandikwa kitambaa ili isiwe na mlio wa mfuko. Pembeni kuna kingo zinazosimama zenye nyuzi za lastiki, na tepu mbili za kufungia.

Lawama ya kwanza ya wateja huwa ni kuvuja, na mwenye kiwanda asiyejua hukimbilia kuongeza chembe za kufyonza. Mara nyingi anaharibu zaidi. Chembe hizi hufyonza maji safi mara mia kadhaa ya uzito wake, lakini mkojo una chumvi, na kwa mkojo hubaki na kama mara 30. Zikivimba hubanana na kugeuka rojo linaloziba njia. Mtoto akikojoa mara ya pili, mkojo haupiti kwenda nyuma ambako kiini bado ni kikavu, unakimbilia mapajani. Ukiikata nepi iliyovuja utakuta mbele kumejaa na nyuma kumekauka. Dawa yake ni tabaka la kusambaza lenye ubora au kurudisha nyuzi za mbao kati ya chembe. Chembe zaidi bila nyuzi ni fedha iliyotupwa.

Kuvuja kwa mapajani kuna sababu nyingine isiyohusu kiini. Lastiki za kingo huvutwa hadi mara mbili au tatu ya urefu wake kisha hubandikwa kwa gundi ya moto. Tundu la gundi likiziba, lastiki inajirudi ndani ya kitambaa na ukingo unalala. Na matundu huziba hasa baada ya umeme kukatika: gundi inayobaki ndani ya tangi lenye moto huungua, hufanya mkaa mweusi, na mkaa huo ukianza kusafiri unafika kwenye matundu yenye upana mdogo kuliko milimita moja. Kila kiwanda katika nchi yenye umeme wa mashaka kinahitaji jenereta inayoshika haraka, na fundi anayejua kushusha joto la tangi laini inaposimama kwa zaidi ya nusu saa.

Laini yenyewe ikisimama ghafla inaacha hasara. Nepi 10 hupita kila sekunde. Inapowashwa tena, mamia ya kwanza hutupwa mpaka mvutano wa vitambaa na joto la gundi vitulie. Hata bila umeme kukatika, kila robota linapounganishwa na lingine vipande vya kiungo hutolewa nje. Kiwanda kizuri hukubali asilimia 3 ya vibovu. Kwa laini yetu ya mfano, asilimia 3 ni nepi 18,000 kwa siku, na malighafi zake, kwa senti 4.2 kila moja, ni dola 750. Ikifika asilimia 8, kama ilivyo kwa laini nyingi mpya katika miezi ya mwanzo, hasara inafika kama dola 2,000 kwa siku. Nyuzi za vibovu zinaweza kurudishwa kwenye mashine kwa kiasi. Vitambaa na gundi haviokoleki.

Unyevu wa pwani ni adui anayesahaulika na wanaonunua mashine kwa kutazama video. Mfuko wa chembe ukifunguliwa Dar es Salaam au Mombasa na kuachwa wazi, chembe hunywa unyevu wa hewa na kugandana. Kifaa cha kudondoshea kinatoa gramu 4 kwenye nepi moja na gramu 10 kwenye inayofuata. Wastani kwenye ripoti ya zamu unaonekana sawa. Mama aliyepata nepi ya gramu 4 ndiye anayerudi dukani. Mifuko isikae sakafuni, mfuko uliofunguliwa uishe katika zamu hiyohiyo, na kupima kufanyike kwa kipande kimojakimoja, si kwa kumi kwa pamoja.

Tepu nazo zina hila zake. Tepu ya gundi haishiki mahali penye vumbi au mafuta, na akina mama wengi wa ukanda huu humpaka mtoto mafuta kabla ya kumvisha. Mafuta ya vidole yanatosha kuiua tepu. Ndiyo maana nepi zilizofanikiwa zilihamia kwenye tepu za kulabu ndogo zinazong'ang'ania kitambaa, ijapokuwa ni ghali zaidi, huku tepu za gundi zikibaki kwenye bidhaa za ngazi ya chini kabisa.

Mwenye kununua kwa jumla hahitaji maabara kubaini haya. Mizani ya jikoni inayoonyesha nusu gramu inatosha kwa jaribio la kwanza. Pima nepi 20 kutoka pakiti tofauti. Tofauti ya zaidi ya gramu 3 kati ya nzito na nyepesi inaashiria kiini kisicho thabiti. Kisha yeyusha gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji, mimina mililita 70 katikati ya nepi, subiri dakika 10, rudia mara tatu. Baada ya mara ya tatu weka karatasi za tishu zilizokwisha pimwa uzito juu ya kitambaa, zilaze chini ya uzito wa kilo 3 au 4 kwa dakika mbili, uzipime tena. Nepi nzuri huachia gramu chache tu. Inayoachia gramu 10 au zaidi itamwasha mtoto usiku.

Duka la mwisho

Softcare ina matawi 18 ya mauzo katika nchi 12 na wateja wa jumla zaidi ya 2,800. Tawi lina ghala na watu wa mauzo wanaozunguka, kwa hiyo muuza jumla wa mkoani hahitaji kufunga safari hadi mji mkuu. Mtindo huu haukubuniwa kwa ajili ya nepi. Ni njia ileile ambayo kundi la Sunda lilikuwa likiuzia vifaa vya ujenzi na bidhaa nyingine za nyumbani Afrika, na nepi zilipita juu ya barabara iliyokwisha chongwa.

Jambo ambalo kampuni kubwa za Magharibi zilichelewa kulielewa ni namna nepi inavyotumika. Waraka wa Softcare unakadiria kwamba matumizi ya nepi Afrika ni kama asilimia 20 ya kinachowezekana, dhidi ya asilimia 70 hadi 86 Ulaya, Amerika ya Kaskazini na China. Takwimu hiyo haimaanishi kwamba mtoto mmoja kati ya watano ndiye anayevaa. Wanavaa wengi, ila mara chache: nepi moja ya usiku, moja ya safari au kliniki, na mchana vitambaa. Mnunuzi huyu hununua kwa kipande, vitatu leo na vitatu Jumamosi. Anachotazama ni bei ya kipande kimoja na kama kitafika asubuhi bila kuvuja. Pakiti kubwa ya vipande 60, ambayo Ulaya ndiyo yenye nafuu, kwake ni mtaji asiokuwa nao, na kwa mwenye duka ni bidhaa inayofunguliwa na kuuzwa reja hata hivyo.

Ukuaji wa soko kwa hiyo unakuja kwa kuongeza nepi ya pili ya siku kwa mama yuleyule, kabla hata ya kutafuta mama mpya. Nepi ya pili huja bei ya kipande inaposhuka kidogo au kipato kinapopanda kidogo. Wanaozaliwa nao hawapungui haraka: utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke Tanzania na 3.4 Kenya.

Majina mengi ni sehemu ya mpango huo. Pamoja na Softcare, kampuni inauza kwa majina ya Veesper, Maya, Cuettie na Clincleer. Hayo yanatenganisha ngazi za bei na bidhaa, ili jina kuu lisishushwe mshindani anapopunguza bei. Taulo za kike ni mkono wa pili, na huko pia iliongoza Afrika kwa idadi mwaka 2024, asilimia 15.6. (Anayetarajia msamaha wa kodi ufike rafuni akumbuke Tanzania: VAT iliondolewa kwenye taulo za kike mwaka 2018 na ikarudishwa mwaka uliofuata, serikali ikisema bei kwa mlaji haikushuka.)

Katika ngazi ya jumla bidhaa hutembea kwa mali kauli. Anayekopesha siku 30 hupata nafasi ya mbele ya duka, anayedai taslimu hupata rafu ya nyuma. Lakini mali kauli kwa bidhaa yenye faida ndogo ni kisu chenye makali pande mbili. Muuza jumla akikwama na deni, hushusha bei chini ya ile aliyonunulia ili apate fedha taslimu, na bei ya mtaa mzima inaporomoka kwa wiki kadhaa. Matawi yenye watu wanaotembelea maduka huliona hilo mapema. Wakala mmoja wa nchi nzima aliyekaa mji mkuu halioni mpaka oda zisimame.

Faida ya 2023 ilitoka wapi

Hapa ndipo wawekezaji wengi huenda wakajidanganya. Kati ya 2022 na 2023 mauzo yalikua kwa asilimia 29, lakini faida halisi ilizidi mara tatu na nusu. Ufunguo ni faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya kutengeneza bidhaa: asilimia 23 ya mauzo mwaka 2022, karibu 35 mwaka 2023, na kiwango hichohicho 2024.

Piga hesabu. Faida ghafi ya 2022 ni kama dola milioni 73, na ya 2023 milioni 143. Kama asilimia ingebaki 23, mauzo ya 2023 yangeleta milioni 95. Kwa hiyo katika ongezeko la milioni 70, ni 21 au 22 tu zilizotokana na kuuza zaidi. Takriban 49 zilitokana na kila dola ya mauzo kugharimu kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka 2022 nauli za meli zilikuwa bado hazijatulia baada ya Uviko, na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha mafuta, ambayo ndiyo chanzo cha plastiki na chembe za kufyonza. Mwaka 2023 nauli ziliporomoka na malighafi zikafuata. Kampuni haikulazimika kuwarudishia wateja punguzo lote.

Hilo si la kubeza, maana kushikilia bei gharama zinaposhuka kunahitaji nguvu sokoni. Ila ni faida ya upepo, na upepo hugeuka. Tangu mwishoni mwa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa China kuja Mombasa haupiti huko, lakini nyuzi za mbao kutoka Marekani zilikuwa zikipita Suez, na siku za ziada baharini ni akiba ya ziada ghalani.

Waliofungasha

Nigeria ndiyo mizani ya kisa hiki. P&G, wenye Pampers, walijenga huko kiwanda cha Agbara kwa takriban dola milioni 300, wakakifunga 2018, na Desemba 2023 wakatangaza kuacha kuzalisha nchini humo na kubaki kuingiza tu. Kimberly-Clark, wenye Huggies, walifunga kiwanda cha Ikorodu 2019, wakarudi 2022 kwa uwekezaji wa dola milioni 100, na 2024 wakaondoka tena. Naira ilikuwa imeanguka vibaya katikati ya 2023. Kampuni inayotoa hesabu kwa dola, yenye bei ya juu na kiwanda kimoja kikubwa katika nchi moja, haina pa kujificha sarafu ya nchi hiyo inapovunjika.

Softcare nayo ilipigwa: sedi ya Ghana ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake wakati mmoja wa 2022, na shilingi ya Kenya ilishuka hadi 160 kwa dola Januari 2024 kabla ya kurudi karibu 130. Lakini sarafu za nchi 8 hazianguki siku moja, na laini ndogo ya dola milioni chache inaweza kupunguziwa zamu bila kuua kampuni. Viwanda vingi vya kadiri vina sababu ya barabara pia. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi linabeba hewa ileile iliyokuwa kwenye kontena, kwa zaidi ya kilomita 1,900 na mipaka miwili. Kiwanda kimoja kikubwa cha kanda kingerudisha gharama ya nauli kwa mlango wa nyuma.

Yaliyobaki wazi

Uwezo wa viwanda vyake umepita nepi bilioni 6 kwa mwaka, wakati mauzo ya 2024 yalikuwa bilioni 4 na kidogo. Sehemu kubwa ya fedha za hisa imetengwa kuongeza uwezo zaidi. Hayat ya Uturuki, wenye nepi za Molfix, wanazalisha Nigeria na Kenya na wanajua mchezo huohuo. Laini zikizidi mahitaji, kila kiwanda hupendelea kuuza kwa hasara ndogo kuliko kusimamisha mashine, na asilimia 35 ya faida ghafi ndiyo itakayoliwa kwanza.

Kitambaa kisichofumwa ndicho kinachojaza makontena, na ndicho hatua inayofuata kwa mantiki. Polipropilini huja kama punje nzito, tani 25 kwa kontena, na kuifanya kitambaa karibu na kiwanda cha nepi kungeondoa sehemu kubwa ya hewa iliyobaki baharini. Lakini mtambo wa kitambaa unahitaji umeme usiokatika kabisa na wanunuzi wa maelfu ya tani kwa mwaka. Ni kundi la viwanda tu, si kiwanda kimoja, linaloweza kuubeba.

Halafu kuna taka. Vyoo vya shimo vilivyotupiwa nepi haviwezi kunyonywa na gari la majitaka, maana mpira wa kunyonyea unaziba, na halmashauri zinalijua hilo. Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 uliweka nepi kwenye orodha ya tozo ya mazingira, shilingi 150 kwa kilo. Kwa nepi ya gramu 28 hiyo ni shilingi 4.20 kila kipande. Rais alikataa kuutia saini tarehe 26 Juni 2024 baada ya maandamano, na nepi zikapona pamoja na mengine yote yaliyokuwamo. Tozo ya namna hiyo ikirudi, hapa au nchi jirani, nepi ya gramu 22 itakuwa na thamani tofauti kabisa na ya gramu 28, na wahandisi watarudi kwenye kiini kuangalia ni nyuzi ngapi za mbao zinaweza kutoka kabla rojo halijaanza kuziba tena.